Sakafu ya hema imeloa: tafuta njia ya maji kabla ya kutafuta gundi

Saa tisa usiku mvua inapiga, mkono unashuka kando ya godoro na kukuta maji. Neno la kwanza linalotoka mdomoni ni "sakafu inavuja". Mara nyingi si kweli. Sakafu ndiyo mahali pa chini kuliko pote ndani ya hema, kwa hiyo maji yatakayoingia kwa njia yoyote yatamalizikia hapo. Anayekimbilia gundi asubuhi bila kujua maji yamepita wapi hubandika viraka vitatu, na usiku wa pili analala majini tena pamoja na viraka vyake.

Goma, mashariki mwa Kongo, tatizo hili lina sura yake. Mvua huanza Septemba ikaenda hadi Desemba, ikarudi Machi mpaka Mei. Mji uko kando ya Ziwa Kivu kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, kwa hiyo usiku una baridi hata kama mchana ulikuwa na jua kali. Na ardhi yenyewe ni lava. Ile ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na ya Mei 2021 ilisimama kwenye kingo za kaskazini. Jiwe hilo likivunjika huacha ncha kama chupa iliyopasuka. Maskauti, vijana wa kanisa walio kwenye mafungo, wanafunzi wanaokwenda kupima miamba, wafanyakazi wanaolala nje ya mji kwa kazi: wote hukuta mawe yanayotoboa, vigingi visivyoingia ardhini, na umande unaotiririka kwenye kuta. Vitu hivi vitatu hufanya kazi pamoja, na ndiyo maana ni rahisi kulaumu kimoja kwa kosa la kingine.

Jaribio la kipande cha plastiki

Kata plastiki inayoonyesha ng'ambo, sentimita 30 kwa 30. Sakafu ikiwa kavu, kiweke kipande hicho ndani ya hema mahali panapoloa, kisha bandika kingo zake zote nne kwa skochi (utepe wa gundi). Weka godoro juu yake, ulale kama kawaida. Asubuhi kiangalie kabla ya kukibandua.

Ukikuta maji juu ya plastiki na chini yake pakavu, maji hayo yamezaliwa ndani ya hema au yamedondoka kutoka juu. Ukiyakuta chini, kati ya plastiki na sakafu, yamepanda kutoka ardhini kupitia kitambaa. Ukikuta juu na chini, una magonjwa mawili, na dawa ya moja haitibu la pili. Ni vizuri kuweka vipande viwili: kimoja chini ya nyonga, kingine kwenye kona iliyo chini zaidi. Kazi hii ni ya dakika tano, na inaokoa gundi nyingi.

Umande wa ndani

Mtu aliyelala hutoa, kwa pumzi na jasho, kama robo lita ya maji kwa usiku mmoja, wakati mwingine zaidi. Watu watatu ndani ya hema lililofungwa wanakaribia lita nzima. Mvuke huo ukigusa kitambaa kilichopozwa na mvua hugeuka matone, matone yanateremka ukutani, na asubuhi kuna mstari wa maji kuzunguka sakafu yote. Chini ya godoro ni vilevile: joto la mwili linasukuma mvuke kupitia sponji hadi kwenye sakafu baridi, na hapo unageuka maji. Godoro linaloa upande wa chini, mwenye nalo anaapa kwamba ardhi inavuja.

Dalili zake ni rahisi kuzitambua. Unyevu umeenea sawasawa, hauna matope wala harufu ya udongo, na unaonekana hata usiku ambao mvua haikunyesha. Hapo hakuna cha kuziba. Tatizo ni kwamba hema limezibwa kupita kiasi. Fungua tundu la hewa la juu na uache mwanya wa sentimita 10 hivi chini ya mlango, upande usiopigwa na upepo, ili hewa iingie chini na kutokea juu. Nguo na viatu vilivyoloa vikae nje chini ya paa, si miguuni pako. Sponji ya kawaida hunywa maji. Povu gumu lenye vyumba vilivyofungwa halinywi. Asiye na povu hilo atandike mkeka wa matete chini ya godoro ili hewa ipite.

Na mbabula (jiko la makala, yaani makaa) isiingie ndani ya hema kwa kisingizio cha kukausha. Makala yanayofuka ndani ya nafasi ndogo hutoa gesi isiyo na harufu, na aliyelala haamki kuisikia.

Kigingi, paa na shitingi

Hii ndiyo njia ambayo Goma huingiza maji mengi kuliko zote, na inaanzia mbali na sakafu.

Kigingi cha hema hakiingii kwenye lava. Watu hukipiga, kinapinda, wanakiacha nusu, wanafunga kamba kwenye jiwe lililo karibu na kusema imetosha. Paa la nje linabaki limelegea. Mvua inapoanza, nailoni inayolowa hurefuka kidogo (poliesta karibu hairefuki), kwa hiyo paa lililokuwa limelegea linalegea zaidi, linashuka na kugusa hema la ndani. Mahali yanapogusana maji hupita na kuteremka hadi sakafuni. Isitoshe, ukingo wa paa uliopaswa kumwaga maji nje sasa unayamwaga karibu na ukuta, juu ya shitingi (turubai la plastiki) iliyotandikwa chini.

Hapo shitingi inageuka sinia. Karibu kila mtu hutandika shitingi kubwa kuliko hema, akidhani kubwa ndiyo salama. Kila sentimita inayojitokeza nje inakusanya mvua na kuipeleka katikati, chini ya sakafu, ambako haina pa kutokea. Umejijengea bwawa na kulalia juu yake. Shitingi ya chini lazima iwe ndogo kuliko sakafu kwa sentimita 5 kila upande. Sakafu ya mita 2.1 kwa 1.5 inataka shitingi ya mita 2 kwa 1.4. Ikiwa ni kubwa na hutaki kuikata, kunja ziada yake kuelekea chini, upande wa ardhi. Ukiikunjia juu, mkunjo utakuwa mfereji.

Kuhusu kamba, lava haitaki nyundo, inataka uzito. Fanya kitanzi kirefu cha kamba, kizungushe kwenye jiwe dogo la ukubwa wa ngumi mbili, lilaze chini, kisha weka jiwe kubwa la kilo 10 hadi 15 juu ya kamba, mbele ya lile dogo, upande wa hema. Kamba ikivutwa, jiwe dogo linajibana nyuma ya lile kubwa na haliponyoki. Ukifunga kamba moja kwa moja kwenye jiwe kubwa lenye ncha, itasagwa na upepo na kukatika kabla ya asubuhi. Zungushia kipande cha kiroba pale inapogusa. Baada ya dakika 20 za mvua ya kwanza toka ukakaze kamba zote upya. Hakuna anayependa kutoka, lakini kukaza huko kunasaidia zaidi ya chupa nzima ya dawa ya mishono.

Kimo cha maji, na magoti

Kwenye lebo ya hema kuna namba ya milimita: 1,500, 3,000, 5,000, hata 10,000. Namba hiyo ni kimo cha maji. Wanasimamisha bomba la maji juu ya kitambaa na kuangalia maji yafike urefu gani kabla matone hayajapenya. Kitambaa cha 3,000 kinabeba mita 3 za maji. Ni nyingi, lakini kitu kinachosukuma maji kwenye sakafu si kina cha dimbwi bali uzito wa mwili wako.

Mita 10 za maji ni sawa na kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba. Chukua mtu wa kilo 70 aliyepiga magoti, kila goti likigusa sentimita 50 za mraba: ni gramu 700 kwa sentimita moja, sawa na kimo cha milimita 7,000. Sakafu ya 3,000 haiwezi. Mtu huyohuyo akilala, uzito ukaenea kwenye sentimita za mraba 4,000, ni kama milimita 175 tu. Hata nyonga ikibonyeza mara tano zaidi, sakafu bado ina nafasi kubwa. Ndiyo maana unaweza kulala usiku mzima pakavu, kisha ukapiga magoti kufunga begi asubuhi na kuona mabaka mawili ya maji yanachipuka chini yako. Kitambaa hakina tundu. Umekisukumia maji kwa nguvu kuliko kilivyotengenezwa kubeba. Tandika kipande cha povu mlangoni, mahali pa kupigia magoti, na tatizo hilo limekwisha.

Lakini maji husukumwa tu yakiwa hayana pa kukimbilia. Juu ya kokoto za lava zilizolegea yanashuka nyufani. Chini ya sakafu hakubaki kitu cha kusukuma. Bukavu, mji ulio kusini mwa ziwa hilo, ni habari nyingine. Vilima vyake vina udongo wa mfinyanzi, ukilowa unafunga, na maji yanabaki juu yakiteleza kwenye mteremko kama kwenye sahani. Hema lililodumu misimu miwili Goma bila kulalamika linaweza kuloa usiku wa kwanza Bukavu, na lile la Bukavu likapasuliwa usiku wa kwanza Goma. Anayesafiri kati ya miji hii miwili abebe ulinzi wa aina zote mbili.

Tundu, mshono, au utando uliokufa

Kipande cha plastiki kikikwambia maji yanapanda, sasa ndiyo zamu ya kuchunguza kitambaa.

Tundu hutafutwa kwa maji. Geuza utaratibu: simamisha hema la ndani mahali pakavu, watu wawili wainue upande mmoja, mwingine amwage lita 2 au 3 sakafuni na kuzisogeza polepole kutoka kona hadi kona. Chini, mtu mwenye kalamu anazungushia kila tone linalochomoza. Tundu la kweli hutoa tone ndani ya sekunde chache. Mshono mbovu hutoa matone yaliyojipanga kwenye mstari. Kitambaa kilichochoka hutoa jasho eneo zima bila tone kubwa popote. Kama uko peke yako, tandika kitambaa kilicholoa chini ya sakafu, weka karatasi kavu ya chooni juu, piga magoti hapo dakika tano, uone karatasi inalowa kwa umbo gani.

Mshono ni mahali ambapo sindano ilitoboa kitambaa kila milimita tatu au nne. Kiwandani huziba mashimo hayo kwa utepe mwembamba unaobandikwa kwa joto. Utepe ukianza kuachia utauona ukijikunja pembeni kama ngozi ya kidonda kilichopona. Mahali pabaya zaidi ni kwenye kona, ambako sakafu inapanda na kuwa ukuta wa beseni na mishono mitatu inakutana. Sakafu nzuri ina ukuta huo wa sentimita 10 hadi 15 bila mshono chini yake, kwa sababu tone la mvua likipiga kokoto hurusha maji na mchanga mweusi juu.

Utando uliokufa unajulikana kwa pua. Sakafu nyingi za nailoni na poliesta zimepakwa poliurethini upande wa ndani. Unyevu na joto huivunja taratibu: kwanza inanata, kisha inatoa harufu kali ya maziwa yaliyochacha au matapishi, mwishoni inabanduka vipande vyeupe kama ngozi ya nyoka. Hema likifika hapo, kiraka hakina maana. Utabandika hapa, litavuja pale.

Gundi gani ishike nini

Makosa mengi ya ukarabati ni ya ndoa isiyowezekana kati ya gundi na kitambaa, kwa hiyo kijue kwanza kitambaa chako. Bandika kipande cha skochi kwenye kona ya sakafu. Kikishika sawasawa, utando ni poliurethini au PVC. Kikidondoka kama kimebandikwa kwenye mafuta, na kitambaa ni laini kinachoteleza, ni silikoni. Sakafu inayofanana na shitingi yenyewe, yenye nyuzi pana zilizosukwa, ni polithini.

Kwa poliurethini tumia gundi au dawa ya mishono ya poliurethini. Kwa silikoni hakuna kinachoshika isipokuwa silikoni. PVC inataka gundi ya PVC, ile ya mitumbwi ya kujazwa hewa. Polithini ni ngumu kuliko zote, karibu gundi zote hubanduka juu yake. Iliyobaki ni skochi nene ya kitambaa, pande zote mbili, juu ya sehemu iliyosuguliwa na kukaushwa.

Mtu wa Goma atauliza: na kwado, fundi wa tairi? Rustini (kiraka cha mpira) na solisyo (gundi yake) ya kwado ni kazi nzuri kwenye mpira wa tairi, kwa sababu inaungana na mpira wenyewe. Kwenye nailoni inalala juu tu. Itakaa siku chache, itaachia kuanzia pembeni. Gundi ya njano ya fundi viatu ni bora kidogo. Inabaki laini na inafaa kwa safari moja. Ile gundi ya matone inayokauka kwa sekunde usiiweke kabisa: inakuwa kama kioo, sakafu ikikunjwa inavunjika na kukata kitambaa kando yake.

Utaratibu wa kiraka kwenye poliurethini ni huu. Osha kwa maji na sabuni kidogo, suuza, kausha kabisa, kisha futa kwa alkoli ya dawa na uache dakika kumi. Kata kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita 2 hadi 3 kila upande na ukizungushe kona, kwa sababu kona kali ndiyo inayoanza kunyanyuka. Paka gundi nyembamba upande wa ndani wenye utando, weka kiraka, sukuma hewa itoke kwa mgongo wa kijiko. Tundu likizidi sentimita moja weka kiraka cha pili upande wa nje. Weka kitu kizito chenye karatasi ya plastiki chini yake, uache saa 12 hadi 24. Gundi nyingi za aina hii hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo siku ya mawingu si kizuizi. Kinachoharibu ni unyevu ulio kwenye kitambaa chenyewe. Mtu anayebandika juu ya sakafu "iliyo karibu kukauka" anaibandika kwenye maji.

Mshono hupakwa kwa brashi ndogo, mstari wa sentimita moja na nusu, ukiusukuma uingie kwenye matundu ya uzi. Utepe wa kiwandani ulioachia uvute wote utoke kabla ya kupaka. Kupaka juu yake ni kupaka kitu kinachoondoka.

Kwa sakafu ya silikoni dawa yake unaipata kwenye kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) yoyote Birere, mjini Goma: mkebe wa silikoni ya vioo, wa mililita 280 au 300, uwe umeandikwa silikoni tupu na si akriliki, pamoja na chupa ya waiti spiriti kwa wauza rangi. Kwa mishono changanya kipimo kimoja cha silikoni na vipimo vitatu vya waiti spiriti kwenye chupa yenye kifuniko, tikisa mpaka mabonge yaishe, paka mara moja, maana hukauka. Fanya nje, mbali na moto wowote. Usiweke esanse (petroli ya gari), inalipuka. Wala petroli ya taa (mafuta ya taa), inaacha mafuta na silikoni haitashika. Mchanganyiko huohuo ndio tegemeo la mwisho la sakafu ya poliurethini iliyokufa: sugua mabaki yote kwa brashi na maji ya uvuguvugu, kausha, paka tabaka jembamba kwa sponji upande wa nje usiokuwa na utando, nusu mkebe kwa mita 3 za mraba. Jua unachokubali. Sakafu itateleza, godoro litashuka mlimani usiku, na kuanzia siku hiyo hakuna gundi nyingine itakayoshika hapo.

Kama sakafu yote imechoka, ushauri mwingine ni bora na rahisi: usiitibu. Weka beseni ndani yake.

Beseni ndani, viroba chini

Nunua plastiki nene ya ujenzi inayouzwa kwa mita, au shitingi nzima isiyo na tundu. Kwa sakafu ya mita 2.1 kwa 1.5 kata mita 2.4 kwa 1.8, ili sentimita 15 zipande ukutani kila upande. Kona usizikate. Zikunje kama bahasha na uzibane kwa vibanio vya nguo. Kona iliyokatwa ni mlango, na maji yanaupata haraka kuliko wewe. Maji yakipenya sakafu ya zamani yatabaki chini ya plastiki, wewe uko juu.

Watu hubishana kama ulinzi uwekwe chini ya hema au ndani. Ni mabishano ya bure: cha chini kinazuia mawe, cha ndani kinazuia maji. Kwenye udongo wa Bukavu wa ndani peke yake unatosha. Kwenye lava unahitaji vyote viwili, na cha chini kisiwe plastiki isiyopitisha maji. Viroba vya mchele vilivyopasuliwa na kutandazwa tabaka mbili au tatu ni bora kuliko shitingi: vimesukwa, maji yanapita katikati na kuingia nyufani badala ya kutuama, na ncha ya jiwe inakata nyuzi za kiroba kabla ya kufika kwenye sakafu. Kabla ya kuvitandaza pita mahali hapo kwa kiganja, taratibu, kama anayechambua mchele. Ncha moja ya sentimita mbili ukiiacha itakuwa tundu asubuhi.

Mahali pa kusimamisha

Mteremko mdogo ni rafiki: sentimita 10 kwa mita 3 zinatosha maji yasikae, na kichwa kikiwa juu hutasikia tofauti. Soma ardhi kabla ya kufungua begi. Mchanga mweusi laini uliojipanga kama mawimbi, majani makavu yaliyokwama nyuma ya mawe kwa mstari mmoja, majani mabichi mengi kuliko jirani: hapo maji hupita au hukaa. Bamba kubwa la lava lisilo na ufa ni baya kuliko kokoto, kwa sababu halinywi. Bukavu jihadhari zaidi na ukingo wa udongo uliokatwa juu yako. Mvua ya siku mbili inaweza kuushusha wote. Kuchimba mtaro kuzunguka hema ni kazi ya zamani, inafaa kwenye uwanja wako, haifai mahali pa hifadhi, na kwenye lava haiwezekani.

Mabonde madogo yana sababu nyingine ya kuyakimbia, na ni ya hapa petu. Magharibi ya Goma na kando ya ziwa kuna mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo inatiririka na kutuama kwenye mashimo kama maji, hasa usiku upepo ukitulia. Shimo litakalokusanya mvua yako ndilo linalokusanya mazuku. Ukikuta majani yamekauka bila sababu shimoni, au wadudu na ndege waliokufa, usilale hapo, na waulize wenyeji wa mahali hata kama huoni kitu.

Yakikukuta usiku

Usianze kwa kukausha. Washa tochi uangalie ukuta kwanza: paa limegusa hema la ndani? Toka ukakaze kamba za upande huo. Pitisha mkono kuzunguka chini ya hema nje. Shitingi ikiwa imejitokeza isukume ndani, ukunje kuelekea ardhini. Haya mawili humaliza kesi nyingi. Kisha inua begi na nguo kavu juu ya viatu au bido (dumu), sukuma maji kwa kitambaa mpaka kona ya chini, yanyonye kwa sponji. Usitoboe sakafu ili maji yatoke. Ushauri huo unazunguka sana, na unafanya kazi mpaka dimbwi la nje likipanda kuliko la ndani. Tundu dogo unaloliona likitoa tone lifute, likaushe kwa nguo, libandike skochi nene ndani hata kama haishiki vizuri; uzito wa godoro utaisaidia mpaka asubuhi.

Ukirudi nyumbani, hema lisikae kwenye mfuko wake likiwa bichi zaidi ya siku moja. Litundike barazani, sakafu ikiangalia nje, siku mbili katika msimu wa mvua. Lisuuze mchanga wa lava kwanza, kwa sababu chembe zake zinaendelea kusaga utando kila hema linapokunjwa. Jua la mchana kwenye mwinuko huu linachosha nailoni, kwa hiyo kivuli chenye upepo ni bora kuliko uwanja. Usilihifadhi juu ya dari chini ya mabati, ambako joto na unyevu hukutana. Likunje kila mara kwa mkunjo tofauti, maana utando huanza kupasuka kwenye mstari uleule uliokunjwa mwaka mzima, na mstari huo ndio utakaouona umejaa matone siku utakapomwaga tena zile lita mbili za maji.